Usiku bamdogo alipoiona ndoto ya mtu mwingine

Babu alifariki 2016, mwaka uleule serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma, kodi za nyumba zikaanza kupanda na kila mtu mjini akawa anaongelea viwanja, sisi kwetu habari ilikua ndoto za baba mdogo. Babu alikua amepigwa kiharusi akalala kitandani muda mrefu sana kule Bahi na aliyemuuguza ni bamdogo, yani kumgeuza, kumuogesha, kumlisha uji wa uwele kwa kijiko, kubadilisha mashuka usiku wa manane, yote yeye. Shangazi alikua anakuja wikiendi maana ana biashara yake sokoni Majengo na watoto wa shule. Tukazika, tukaanua matanga, arobaini ikapita, watu wakarudi kwenye mambo yao, ndo ndoto ikaanza.

Anaota yuko ndani, mlango unagongwa, nje babu anaita "mbukwenyi", ile salamu ya Kigogo, kama mgeni asiyejua kama wenyeji wapo, bamdogo anataka kuinuka akafungue ila miguu haimtii, anashtuka shuka lote limelowa jasho. Ilijirudia mpaka akawa anaogopa kulala, anakaa nje na redio mpaka kunakucha. Shangazi akasema mzee ana lake moyoni, tulimzika harakaharaka. Ikafanyika ibada, sadaka ikatolewa, kaburi likasafishwa vizuri. Mi sidharau hata kimoja kwenye hivo, vilitukutanisha na vilikua na heshima yake, ila ndoto ilibaki palepale.

Kipindi hicho nilikua chuo, nimepanga Ng'ong'ona, na darasani tulikua tumefika kwa Sigmund Freud, yule daktari wa Vienna. Mwalimu aligusia tu kwamba baba yake Freud alifariki 1896, na kile kitabu chake kikubwa cha ndoto kikatoka mwishoni mwa 1899 (mchapishaji akaandika 1900 kwenye jalada), na miaka baadae mwenyewe akakiri kwamba kukiandika ilikua ni sehemu ya kupambana na kile kifo. Mi nilishikwa hapo. Nikaenda kutafuta zaidi nikakuta kwenye kitabu chake kingine, Totem and Taboo cha 1913, anawaongelea watu wa aina ya bamdogo kabisa, mtu kamuuguza marehemu kwa moyo wote, na bado baada ya mazishi anateswa na mashaka kwamba labda yeye ndo kamuua kwa uzembe fulani, na ukimkumbusha yote aliyofanya hatulii. Freud anasema sio kwamba ana kosa, ila ndani yake, nyuma ya mapenzi, kulikua na sehemu ambayo kifo hakikuichukiza, na hiyo sehemu ndo inayojishtaki.

Sasa utamwambiaje mtu mzima kitu kama hicho, tena aliyekulea? Siwezi. Bamdogo alikuja mjini kufuatilia mambo ya mirathi akalala kwangu, na kwa sababu anaogopa kulala nikawasha laptopu nikamwekea Wild Strawberries, muvi ya Ingmar Bergman ya 1957, ya Sweden huko, haina rangi. Yeye kazoea muvi za kutafsiriwa zile za dijei anaongea juu ya sauti ya mzungu, kwa hiyo nikawa nasoma maandishi ya chini namtafsiria.

Ni habari ya daktari mzee anaitwa Isak Borg, anaenda Lund kupewa heshima ya chuo kwa miaka yake 50 ya udaktari, ila usiku kabla ya safari anaota. Anatembea mtaa mtupu, juu kuna saa kubwa haina mishale, anatoa saa yake ya mfukoni nayo haina mishale. Linakuja gari la farasi la kubebea jeneza, halina dereva, gurudumu linakwama kwenye nguzo ya taa mpaka linang'oka, jeneza linadondoka, mkono unatoka ndani unamshika unamvuta, na akiangalia uso wa maiti ni wake mwenyewe.

Bamdogo akasema, "Simamisha hapo mama." Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Akasogea mpaka karibu na kioo. "Rudisha nyuma kidogo." Nikarudisha, akaangalia ule mkono tena. "Kumbe maiti ni yeye."

Tukaendelea. Njiani Isak anapita kwa mama yake mzee sana, yule bibi anatoa kwenye boksi saa ya dhahabu ya marehemu mumewe, nayo haina mishale, bamdogo akasema si unaona, ile ndoto ilikua inatokea nyumbani kwao. Hapo mi nilinyamaza, kitu ambacho wasomi wanaandikia kurasa nyingi kakiona bila mtu kumwambia.

Ila kilichomvunja ni ndoto ya mtihani. Isak anaitwa kufanyiwa mtihani, yeye daktari wa miaka yote hiyo, anapewa hadubini haoni kitu zaidi ya jicho lake, anaulizwa wajibu wa kwanza wa daktari ni nini kasahau, anaambiwa ni kuomba msamaha. Anaonyeshwa mwanamke anasema huyu amekufa, mwanamke anafumbua macho anacheka. Nilipotafsiri hiyo ya msamaha bamdogo akaweka kikombe chini.

"Mi nilimuomba Mungu amchukue," akasema. "Usiku ule wa mvua nilishambadilisha shuka tena na tena, nikatoka nikapiga magoti pale stoo, nikasema Mungu mchukue mzee apumzike na mimi nipumzike. Hiyo ya mimi nipumzike. Alikufa wiki ileile."

Sikumwambia habari ya Freud. Nilimwambia tu kwamba watu wengi wanaouguza wanafika hapo, na kwamba maombi ya mtu aliyechoka hayaui mtu. Akalia, kwa mara ya kwanza tangu msiba, maana msibani yeye ndo alikua anahangaika na turubai na maji.

Nimefikiria sana toka siku ile na kuna sehemu natofautiana na Freud, yeye anasema tamaa ya aina hiyo mtu mwenyewe haijui, imefichwa chini kabisa. Bamdogo alikua anaijua, aliisema kwa mdomo wake amepiga magoti. Aliokua anawaficha ni ndugu, na mlangoni kwenye ndoto mtu aliyegonga alikua na sauti ya babu ila mashtaka yalikua ya bamdogo.

Ndoto haikukatika siku hiyohiyo, ilipungua taratibu, akaanza kulala ndani. Kikao cha mirathi kilivyofika shangazi akaanza tena kwamba mzee hajaridhika, bamdogo akamkatisha akasema dada ngoja, akaeleza yote mbele ya watu, stoo, mvua, mpaka ile ya mimi nipumzike. Shangazi alikaa kimya akafunga vizuri khanga yake, kisha akasema na yeye aliomba hivohivo, tena kabla ya bamdogo.