Juu ya Tuta la Mto Loire: Kutoka Tours hadi Saumur kwa Baiskeli

Njia ya baiskeli ambayo Wafaransa huiita La Loire à Vélo inaanzia Cuffy, karibu na mji wa Nevers, na kwenda umbali wa takribani kilomita 900 hadi Saint-Brevin-les-Pins katika pwani ya Atlantiki. Sisi hatukuwa na nia ya kuimaliza. Mimi na shemeji yangu, mkazi wa Tours wa miaka mingi, tulichagua kipande cha kutoka mjini kwake hadi Saumur, kwa kuwa hapo ndipo Loire inapopokea mito ya Cher, Indre na Vienne, na hapo ndipo vijiji vya mawe meupe vinapokaribiana kiasi kwamba mtu huondoka kimoja akiwa ameshaona mnara wa kanisa wa kingine.

Watu wengi huja katika bonde hili kwa ajili ya makasri ya wafalme. Nami nilidhani kuwa makasri ndiyo yatakayonishughulisha, lakini kadiri tulivyozidi kukanyaga pedali ndivyo nilivyozidi kuyapita bila kushuka, na nikawa nashuka kwenye magati madogo, kwenye mapango na chini ya kuta za nyumba za kawaida.

Kutoka Tours njia hufuata Mto Cher, kando ya bustani za mboga na mistari ya mipopla, hadi Savonnières na kisha Villandry. Hapa tulilipa kiingilio, na sikujuta. Joachim Carvallo, daktari mzaliwa wa Hispania, alilinunua kasri la Villandry mwaka 1906, akaing'oa bustani ya mtindo wa Kiingereza aliyoikuta na kurudisha bustani za mtindo wa zamani zaidi. Sehemu inayosifiwa kuliko zote ni bustani ya mboga: kabichi, liki na saladi zimepandwa katika miraba tisa, kila mmoja na mchoro wake, kana kwamba ni mkeka uliosukwa kwa ukindu wa rangi nyingi. Shemeji alitaka kujua ni nani anayezila kabichi hizo. Nilimwambia akaulize langoni, akakataa.

Baada ya Villandry, Cher huungana na Loire, na safari hupanda juu ya tuta. Pasipo kulielewa tuta hili, mtu hawezi kuvielewa vijiji vinavyofuata. Loire ndio mto mrefu kuliko yote ya Ufaransa, zaidi ya kilomita 1,000, lakini maji yake hayana adabu: wakati wa kiangazi hupungua mpaka mafungu ya mchanga yakajitokeza katikati, nao membe wakataga mayai juu yake, na majira mengine hufurika ghafla. Katika karne ya 12, Henry II, aliyekuwa mfalme wa Uingereza na pia mtawala wa Anjou, aliwapa nafuu maalumu watu waliokubali kuishi juu ya matuta na kuyatunza. Vizazi vilivyofuata viliyainua na kuyarefusha, na bado mto uliyapasua mwaka 1846, ukarudia 1856 na tena 1866. Katika vijiji kadhaa utaona mstari uliochongwa ukutani pamoja na mwaka, kuonyesha maji yalifika wapi. Nilisimama kando ya mstari mmoja wa 1856. Ulikuwa juu ya kichwa changu.

Kwa mwendesha baiskeli, tuta lina faida yake. Upande wa kulia unauona mto wote, na upande wa kushoto unaziona nyumba zikiwa chini yako, hata moshi wa dohani unapita karibu na uso. Ndivyo tulivyoingia Bréhémont, kijiji kilichowahi kuishi kwa kilimo cha mimea ya nyuzi za kamba na matanga, na ambacho gati lake la mawe bado linashuka taratibu hadi majini. Mashua za hapa hazina mkuku, matumbo yake ni bapa ili zipite juu ya mchanga, na mlingoti wake huweza kulazwa zinapofika chini ya daraja. Kabla ya reli kujengwa, mashua za namna hiyo ndizo zilizobeba mvinyo, chumvi na mawe ya ujenzi katika bonde zima.

Kasri la Ussé tuliliona kwa mbali likiwa na minara yake mingi, tukapiga picha, tukaendelea. Zaidi ya hapo, katika nyanda za Véron, hutokea kituo cha umeme wa nyuklia cha Chinon, kinachopozwa kwa maji ya Loire. Minara yake ya kupoza ilijengwa mifupi kwa makusudi ili isiharibu mandhari, na aliyepanga hivyo anastahili shukrani, ingawa mvuke hauna namna ya kufichwa.

Tulipovuka daraja la Vienne tulifika Candes-Saint-Martin, na kama ningelazimishwa kuchagua kituo kimoja tu katika njia hii yote, ningechagua hiki. Kijiji kimebanwa kati ya mwamba na makutano ya mito miwili. Martin, askofu wa Tours, yule ambaye akiwa askari aligawa joho lake nusu kwa nusu na maskini, alifariki hapa mwezi Novemba mwaka 397. Watu wa Poitiers na watu wa Tours waligombania maiti yake, na kwa mujibu wa Gregory wa Tours, askofu na mwanahistoria aliyeandika karne mbili baadaye, wale wa Poitiers walipopitiwa na usingizi, wenzao waliitoa maiti dirishani, wakaipakia mashuani na kupanda nayo mto hadi kwao. Kanisa lililopo sasa ni la karne ya 12 na 13, na dari la baraza yake ya kaskazini limebebwa na nguzo moja nyembamba iliyo katikati. Shemeji, ambaye ni fundi ujenzi, aliizunguka nguzo ile akitikisa kichwa.

Jiwe la kanisa hilo ni tuffeau, jiwe la chokaa jeupe na laini, ambalo lilikatwa kutoka ndani ya vilima hivihivi. Nyumba zote za hapa zimetoka chini ya miguu ya wenyeji, na mashimo yaliyobaki yakageuka makazi, maghala ya mvinyo na mashamba ya uyoga.

Montsoreau imepakana na Candes ukuta kwa ukuta, ingawa kiserikali viko katika mikoa miwili tofauti. Kasri lake la karne ya 15 lilijengwa ukingoni kabisa, maji yakigusa kuta. Barabara iliyopo mbele yake ililetwa baadaye. Kutoka hapo tuliuacha mto kwa muda na kupanda kilima kwenda abasia ya Fontevraud.

"Shemeji, hapa ushuke usukume tu, usijitie ubingwa," aliniambia, naye akiwa ameshashuka.

Abasia hiyo ilianzishwa mwaka 1101 na Robert d'Arbrissel, na watawa wa kike na wa kiume waliokaa humo walikuwa chini ya mkuu mmoja, mwanamke. Kuanzia 1804 hadi 1963 ilikuwa gereza. Makaburi ya kifalme yalivunjwa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, lakini sanamu za waliozikwa zimebaki: Henry II, yule wa matuta, aliyefia Chinon mwaka 1189, mkewe Eleanor, ameshika kitabu kilichofunguliwa, mwana wao Richard, na Isabella wa Angoulême, mke wa mwana wao mwingine, John. Ya Isabella ni ya mti. Zile tatu ni za tuffeau.

Kilichobaki hadi Saumur ni kifupi, ila kisipitwe kwa haraka. Turquant huuza matofaa yaliyokaushwa tanurini na kupondwa bapa kwa nyundo ya mti, chakula kilichodumu muda mrefu, kinachoandaliwa siku hizi kwa kulowekwa katika mvinyo mwekundu. Kule Souzay-Champigny, njia yenyewe inaingia chini ya mwamba na kupita katika mtaa uliochongwa ndani yake, ukiwa na milango na madirisha, na ubaridi unaoonekana kuwa neema baada ya jua la mizabibu.

Kwa anayefikiria kuifanya safari hii, nashauri aianzie Saumur na kuja Tours, kinyume na tulivyofanya sisi. Upepo wa hapa huvuma zaidi kutoka magharibi, na mabaharia wa Loire waliungoja huohuo ili matanga yawapandishe mto dhidi ya mkondo. Sisi tulikuwa tunateremka na maji, lakini baiskeli haisukumwi na maji. Kurudi tulipanda treni ya mkoa inayobeba baiskeli, na shemeji alilala kabla hatujafika Langeais.