Muvi fupi za watu ambao hawakuwa wanauza kitu

Siku hizi nimezama kwenye filamu fupi za watu ambao hawakuwa watu wa filamu. Yaani injinia, mchungaji, mwanafunzi, mwenye duka, mtu ana kazi yake ya kumlisha halafu jioni na wikiendi anashika kamera kwa sababu anapenda. Maktaba nyingi za Ulaya na Marekani zimeziweka mtandaoni bure kabisa, na kila nikimaliza moja, inayofuata haifanani nayo hata kidogo, na hapo ndo panaponigusa maana sisi huku tunaoshuti kwa simu tunazidi kufanana kila siku.

Ngoja nianze na vifaa, bila vifaa huwaelewi hawa watu. Mwaka 1923 Kodak walileta kamera ya mkanda wa milimita 16 kwa ajili ya watu wa kawaida, na Pathé wa Ufaransa walikuwa tayari na wa kwao wa milimita 9.5, na mikanda hii haikuwa inalipuka moto kama ile ya kwenye majumba ya sinema enzi hizo, kwa hiyo mtu angeweza kufunga projekta sebuleni watoto wakakaa mbele bila hofu. Ila bei ilikuwa ya wenye nazo. Mwaka 1932, hali ya uchumi ikiwa mbaya, Kodak wakaja na milimita 8, na ujanja wake naupenda sana: unapitisha mkanda kwenye kamera mara mbili, kwanza unashuti nusu ya upande mmoja, unaugeuza unashuti nusu ya pili, ukifika maabara wanaupasua katikati na kuunga vipande viwe kimoja kirefu. Roli nzima inakupa dakika nne hivi. Sauti hamna. Na mara nyingi hakukuwa na negativu (mkanda wa kutolea kopi), mkanda ule ule uliopita kwenye kamera ndo unasafishwa na kurudishwa kwako na ndo huo huo unaouonyesha, ukikwaruzika umekwaruzika, kopi nyingine huna.

Mtu mwenye dakika nne tu anafikiri kabla ya kubonyeza, na nadhani hata ubunifu wao mwingi ulitokea hapo.

Vilabu navyo vilisaidia. Marekani walianzisha Amateur Cinema League, yaani umoja wa watu wa filamu za ridhaa, mwaka 1926, kiongozi wao Hiram Percy Maxim, huyu tayari alikuwa ameshaanzisha chama cha watu wanaorusha mawasiliano ya redio kwa kupenda tu. Uingereza wakapata taasisi yao mwaka 1932. Kwenye klabu mmoja ana kamera, mwingine ana taa, mwingine fundi seremala anapiga seti, kuna jarida, kuna mashindano, na ukishinda unapata sifa tu.

Sasa zenyewe. Mwaka 1928 huko Rochester, New York, kuna James Sibley Watson, mtu aliyesomea udaktari, na rafiki yake Melville Webber, walichukua hadithi ya kutisha ya Edgar Allan Poe wakaifanya dakika kama 13 za vivuli na picha zinazopindana kwa prizimu na vioo, mke wa Watson mwenyewe akiigiza, na maelezo karibu hamna, lazima uhisi. Glasgow, Scotland, kuna kijana wa chuo cha sanaa, Norman McLaren, kamera hakuwa nayo, akatafuta mkanda wa zamani uliokwisha tumika, akausugua picha zote zikatoka, akaanza kuchora kwa wino moja kwa moja juu ya mkanda! Baadaye filamu zake zikaonekana kwenye tamasha la watu wa ridhaa pale pale Glasgow, John Grierson, mtayarishaji mkubwa wa filamu za ukweli, akiwa jaji, akampa kazi, na mwisho wa safari ile kijana akaja kupata Oscar akiwa Kanada. Mwingine ni Peter Watkins, mwaka 1961 alitaka kuonyesha mapambano ya Hungary ya 1956 na Hungary hakwenda, alishuti kwenye mitaa ya Canterbury na waigizaji wa ridhaa wa kikundi cha hapo hapo, na ukiiangalia unaapa kwamba ni habari za kweli.

Ila ninayoirudia zaidi ni ya Sid Laverents wa San Diego. Huyu alikuwa anafanya kazi kiwanda cha ndege, zamani aliwahi kupiga muziki jukwaani peke yake akiwa amejifunga vyombo mwili mzima, na mwaka 1970 kwa ajili ya klabu yao akatengeneza filamu ya dakika tisa ambayo yeye peke yake ni bendi nzima. Unamuona kwenye kona hii anapiga chombo kimoja, kona ile kingine, huku anapiga mluzi, wote kwa wakati mmoja kwenye skrini, wote ni yeye. Kompyuta hakuna. Alikuwa anaziba sehemu ya picha, anashuti, anarudisha mkanda nyuma, anaziba kwingine, anashuti tena juu ya mkanda ule ule, na sauti kairekodi tabaka juu ya tabaka. Akikosea pasi ya mwisho, zote zilizotangulia zimekufa pamoja nayo. Mwaka 2000 Maktaba ya Bunge la Marekani wakaiingiza kwenye orodha ya filamu za kuhifadhiwa daima, pamoja na zile kubwa za Hollywood. Nimefurahi kana kwamba ni mjomba wangu.

Halafu kuna zile ambazo si za ujanja, ni za kushuhudia. Mchungaji Solomon Sir Jones, Mbaptisti mweusi wa Oklahoma, kati ya 1924 na 1928 alizunguka na kamera yake kwenye miji ya watu weusi akishuti ubatizo, mazishi, watoto wa shule, watu wamesimama mbele ya maduka yao, na Tulsa imo, miaka michache tu baada ya mauaji ya 1921, wazungu walipowaua watu weusi wa mji huo. Kuna Dave Tatsuno, Mmarekani mwenye asili ya Japani aliyefungiwa kambini Topaz, Utah, wakati wa vita ya pili, kamera ilikuwa marufuku akaingiziwa kwa siri, akashuti kwa rangi theluji, ibada, watu wanatwanga mchele wa sikukuu.

Linganisha na zile za kwetu. Kwenye hifadhi ya kumbukumbu ya Bristol, Uingereza, wamehifadhi mikanda mingi ya familia za Kiingereza zilizoishi huku enzi za ukoloni, na za Kenya na Tanganyika zimo, pikniki, safari za kuwinda, watoto wao bustanini, na babu zetu wanapita pembeni na trei au mzigo kichwani, jina hakuna. Mchungaji Jones aliwaweka watu wake katikati. Kamera za aina moja, miaka inayokaribiana, tofauti ni nani kaishika.

Leo tumeishika sisi. Simu ya kawaida kabisa inafanya vitu ambavyo Laverents angelia akiona, lakini tukikutana kushuti, wazo la kwanza ni komedi ya mume na mke, la pili mganga, la tatu ni la kwanza tena kwa sababu lilipata vyuzi. Siwalaumu wanaotafuta riziki, hela ya bando lazima itoke mahali. Naongea na nyie mnaoshuti kwa kupenda tu, jamani, hamna mteja anayewadai, mbona mnatengeneza kama mnadaiwa? Chora. Shuti soko la samaki Feri alfajiri bila neno hata moja. Mshuti bibi anasuka mkeka mwanzo hadi mwisho. Fanya ya kutisha ndani ya daladala tupu gereji.

Mimi na wenzangu tumeshapanga yetu: fundi cherehani wa mtaani kwetu wiki ya mwisho kabla ya Idi, dakika nne, bila sauti, kila shoti mara moja tu hairudiwi, na atakayeangalia kwanza ni fundi mwenyewe na watoto wake.