Usiniambie zabibu, niambie nguzo

Nkuhungu, Dodoma. Jumapili jioni.

Nataka shamba la zabibu. Nalitaka kweli, na ndani ya mlango wa kabati nimebandika picha niliyoikata kwenye kalenda: mistari iliyonyooka, vichala vyeusi vimeshiba. Kila asubuhi nikitoa nguo za kazini naitazama. Najiona napita katikati ya ile mistari, wanunuzi wananisubiri na kreti zao, mdogo wangu kalipiwa ada yote. Moyo unatulia.

Huko kutulia ndiko kumenikalisha chini leo niandike.

Tunaambiwa sana siku hizi: jione umeshafika, kiri kwa kinywa chako, kitakuja. Mimi ni mtu wa sala na imani ya mtu siigusi. Ila naona kuna kutamani kunakoinua mtu kitini na kuna kutamani kunakomlaza, na ukiwa ndani yake vyote viwili ni vitamu sawasawa. Gabriele Oettingen, mwanasaikolojia kutoka Ujerumani, amelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 2011 yeye na mwenzake Heather Barry Kappes walichapisha utafiti kuhusu watu walioongozwa kuwaza kesho nzuri isiyo na doa. Nguvu zao zilipungua, na hata kipimo cha presha kilionyesha mwili umelegea badala ya kujiweka tayari kwa kazi. Mwili umekwisha kula sherehe, jembe utalishikia nini?

Mama mkubwa analima zabibu Mpunguzi, kwenye barabara ya Iringa. Hajasoma utafiti wowote, lakini yeye ndiye aliyenifungua macho. Nilimkuta akipogoa.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Shika mkasi huo, tutaongea huku tunakata."

Nikaanza kumweleza shamba langu litakavyokuwa. Alinisikiliza mstari mzima. Tulipofika mwisho akanyoosha mgongo, akasema: "Usiniambie zabibu, niambie nguzo. Nguzo utazitoa wapi? Na mchwa utawafanyaje?"

Sikuwa na la kujibu. Katika picha yangu nguzo hazionekani, zimefunikwa na majani. Yeye akanionyesha nguzo yake moja ya mti: juu nzima kabisa, lakini alipoisukuma kwa goti ikayumba, maana chini mchwa walishaimaliza. Halafu akarudi kwenye kazi yake. Anashika tawi, anahesabu macho, yaani vile vinundu vya kuchipua, kwa kidole gumba, anaacha mawili au matatu, anakata. Baada ya muda mfupi pale penye kidonda panatoka tone la maji safi, linaning'inia, linadondoka kwenye udongo mwekundu. Nikamuuliza kama mti hauumii. Akasema huku kwetu hakuna baridi kali ya kuulaza mzabibu, kwa hiyo mkasi ndio unaouamsha. Ukishapogoa, unahesabu kama miezi minne, unavuna. Ndiyo maana Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka. Asiyepogoa kwa wakati atapata majani mengi ya kupendeza.

Tangu siku ile nimebadilisha ninachokiwaza asubuhi. Picha sijaibandua, naipenda. Ila nikishaitazama nalazimisha akili ishuke chini ya majani: mashimo, samadi, nguzo, waya, maji ya kiangazi.

Kuna jaribio la wanasaikolojia Lien Pham na Shelley Taylor, lililochapishwa 1999, ambalo naliona linasema kitu kilekile. Wanafunzi wa chuo kikuu kule California walikuwa wanakaribia mtihani. Wengine waliambiwa kila siku wajione wamepata alama ya juu na furaha yake yote. Wengine waliambiwa wajione wakisoma: wamekaa wapi, wamezima nini, wamefungua daftari gani. Waliojiona wakisoma ndio waliosoma zaidi, wakafanya vizuri zaidi.

Oettingen anaongeza hatua ambayo ndiyo ngumu kwangu. Ukishajua unachotaka na uzuri wake, ujiulize ni kitu gani ndani yako kitakachokuzuia. Si serikali, si mvua. Ndani yako. Nimekaa na swali hilo wiki nzima, na jibu ni michango. Mshahara ukiingia, makundi ya WhatsApp yanawaka: harusi ya huyu, kumuaga binti wa yule, ukarabati wa kanisa. Nawapenda watu wangu na sitaki kuwa mtu wa kujifungia mlango. Lakini kama shamba linasubiri kitakachobaki baada ya michango, litasubiri sana.

Hapo ndipo unapoingia mpango wa "ikitokea hivi, nitafanya hivi", alioufanyia kazi sana mwanasaikolojia Peter Gollwitzer. Wangu ni huu: ujumbe wa mshahara ukiingia, kabla sijafungua kundi lolote, natuma fedha ya hisa zangu kwa mhazini wa kikoba, kikundi chetu cha kuweka akiba. Kisha nafungua makundi, na ninachotoa nakitoa kwa moyo mweupe.

Jambo jingine ambalo watu hawalisemi sana ni kwamba ukikikodolea macho kizuizi, wakati mwingine ndoto yenyewe inabidi ikatwe. Nilitaka ekari nzima. Nilipoweka gharama ya nguzo na waya kwenye karatasi, na maji ya kuanzia mvua zinapokata mwezi wa nne au wa tano mpaka zirudi mwezi wa kumi na mbili, ekari haikusimama. Robo ekari inasimama. Iko jirani na Mama mkubwa, karibu na kisima, na mche wa kuanzia ni matawi anayoyakata mwenyewe.

Nimewaza pia mji huu ninaoishi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi hapa ulitolewa 1973, wengi wetu hatujazaliwa. Ramani zilikuwepo, CDA, mamlaka ya kuustawisha mji huu, ilikuwepo, miaka ikaenda. Serikali ilipoanza kuhama kwa kasi mwaka 2016, ofisi zilikuwa hazitoshi. Wizara kadhaa zikaingia kwenye majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma, zikafanya kazi humo, na Mtumba, mji wa serikali, ikajengwa huku kazi zinaendelea. Nikipita Mtumba sasa nayaona magorofa kama kila mtu anavyoyaona, lakini kinachonigusa zaidi ni yale madarasa ya UDOM yaliyofanywa ofisi.

Kwa hiyo wiki hii. Kesho jioni nikitoka kazini nampigia Mama mkubwa tukubaliane siku ya kupima ile robo na kamba. Jumamosi nikimaliza kununua mboga soko la Majengo, kabla sijapanda daladala, napita duka la vifaa vya ujenzi kuuliza bei ya waya na bei ya nguzo za zege, ambazo mchwa hawazili. Kama za zege zitanishinda, nitauliza dawa ya kupaka zile za miti.