Ninavyoandaa maswali ya mahojiano kwa mtu mwenye usonji (autism)

Mimi ni msaidizi wa mawasiliano katika mahojiano ya polisi na mahakamani. Sehemu kubwa ya kazi huisha kabla sijaketi na anayehojiwa: naomba maswali mapema, nayapitia kwa kalamu.

Maswali ya kukanusha nayafuta yote. "Hukumwona?" likijibiwa "ndiyo", mmoja atasikia alimwona, mwingine hakumwona, na maelezo yakishatiwa saini utata huo umejificha. Naandika "Ulimwona?" tu. "Sivyo?" ya mwishoni nayo inaondoka, maana aliyechoka hukubali ili aachiwe. Halafu kuna "alimpiga akakimbia". Nani alimpiga nani, na nani alikimbia? Naweka jina kila mahali. Mawakili hunung'unika kwamba maswali yanakuwa ya kitoto, wanung'unike.

"Unaweza kunieleza kilichotokea?" hupata jibu la "ndiyo", kisha kimya. Ni jibu sahihi kabisa, ila askari huliona jeuri. Agizo lenye mipaka hufanya kazi: "Nieleze ulichofanya tangu ulipofungua mlango mpaka ulipotoka."

Haki ya kukaa kimya naikata vipande, sentensi moja moja. "Nimeelewa" siipokei. Hata kuirudia neno kwa neno si kuelewa, huenda ni mwangwi tu, yaani kurudisha maneno aliyoyasikia. Nauliza: "Usipojibu swali, askari anaruhusiwa kufanya nini?" Hapo ndipo hujulikana kama ameichukulia kuwa amri ya kunyamaza.

Mwangwi huharibu pia maswali ya "au". Kwa "Ulikuwa ndani au nje?", wengine hurudisha neno la mwisho. Baadaye nageuza: "nje au ndani?" Majibu yakipingana, naomba yote mawili yaandikwe na swali liulizwe bila kumpa machaguo.

Baada ya swali nahesabu kimoyomoyo hadi kumi. Kosa ninalolizuia mara nyingi kuliko yote ni anayehoji kulibadilisha swali baada ya sekunde tatu; aliyekuwa akitafuta jibu sasa ana maswali mawili kichwani. Likirudiwa, lirudiwe kwa maneno yale yale.

Mapumziko yawe kwenye ratiba, mfano kila dakika ishirini, kwa kuwa wengi hawatayaomba. Mezani naweka kadi ya "sijaelewa" na ya "naomba kupumzika". Kwa kesi, naomba kikao kifupi na hakimu na mawakili kabla ya ushahidi, tukubaliane haya yote na waambiwe mapema kwamba kutotazama machoni au kuchezesha vidole si dharau wala dalili ya uongo.