Batiki inachuja? Angalia haidrosi kabla ya kumlaumu muuza rangi

Rangi ya batiki inayotumiwa na kostiki soda haiyeyuki kwenye maji matupu. Ukiikoroga peke yake hukaa juu ya kitambaa kama vumbi, na kufua mara moja kunaiondoa. Haidrosi (sodiamu haidrosalfaiti), ikisaidiwa na kostiki, huibadili rangi iyeyuke na kupenya ndani ya uzi wa pamba. Kitambaa kikitolewa, oksijeni ya hewani huirudisha katika hali ya kutoyeyuka, safari hii ikiwa imenaswa ndani. Nili inaonyesha wazi: kitambaa hutoka kwenye beseni kikiwa cha kijani-manjano, kikageuka bluu machoni pako.

Kwa mita 4 za pamba, anza na kijiko 1 kikubwa cha rangi, 2 vya kostiki na 3 vya haidrosi. Vaa glavu. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, usiimwagie maji, na usitumie sufuria ya alumini kwani kostiki huila. Yeyusha vyote katika lita 1 ya maji ya moto yasiyochemka, maana yakichemka haidrosi huharibika. Subiri dakika 10, kisha mimina kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Yakizidi nyuzi 40, nta iliyopakwa kitambaani kuzuia rangi inaanza kulegea.

Sasa tazama maji. Yakirudia rangi ya unga uliotia, haidrosi imekwisha: ongeza nusu kijiko, ngoja dakika 5. Kopo lililoachwa wazi hunyonya unyevu, nguvu ikapotea, na likiingia maji kidogo linaweza kupata moto na kuwaka.

Geuzageuza kitambaa dakika 20, chote kikiwa chini ya maji. Kinachoelea hupigwa na hewa mapema na kutoka mabaka. Kianike kivulini kikiwa kimekunjuliwa, nusu saa, ndipo ukisuuze. Kuchemsha na sabuni ili kutoa nta huondoa pia rangi iliyobaki juu.

Chumvi na siki, dawa ya kila mtaa, hazina kazi hapa. Siki ndani ya beseni inaua kostiki tu.

Tone likidondoka pasipotakiwa, Jik mara nyingi haliliwezi. Haidrosi na kostiki kidogo katika maji ya moto hulilegeza, lakini zitalegeza na rangi ya jirani. Chovya sehemu ile tu, suuza haraka.