Waliponikatalia shule ya binti yangu, na nilivyokata rufaa

Barua ilifika tarehe 28 Aprili. Nilikuwa nimerudi kutoka zamu, nikaisoma nimesimama mlangoni na koti mwilini. Halmashauri ilisema imelifikiria ombi langu, lakini haiwezi kumpa binti yangu nafasi ya P1, yaani darasa la kwanza la msingi, katika shule niliyoiomba, kwa sababu kumpokea kungelazimu kuajiri mwalimu mwingine. Mwishoni waliandika kwamba nina siku 28 za kukata rufaa. Mstari huo niliuruka. Niliuona kesho yake, machozi yalipokauka.

Tunakaa Uskochi, katika mji mmoja wa pwani ya mashariki. Huku kila nyumba ina shule ya eneo lake, na mtoto wako anaandikishwa huko. Ukitaka shule nyingine unapeleka ombi la maandishi, na kwa muhula unaoanza Agosti mwisho wa kupeleka ni tarehe 15 Machi. Halmashauri nayo inatakiwa ijibu kabla ya Aprili kwisha. Wakinyamaza, kimya chao kinahesabiwa kuwa wamekataa, na unaweza kukata rufaa bila hata barua.

Nieleze kwa nini sikuitaka shule ya eneo letu, maana kila niliyemwambia alidhani ina kasoro. Haina. Ni dakika sita kwa miguu, na Januari tulipokwenda kumwandikisha, mwalimu mkuu alichuchumaa akazungumza na binti yangu macho kwa macho. Shida yangu ilikuwa saa. Nahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Zamu ya mchana huanza saa moja na robo asubuhi, huisha saa mbili usiku. Mume wangu ni mpishi kwenye jukwaa la mafuta baharini, wiki tatu kule, wiki tatu nyumbani. Akiwa kule niko peke yangu. Shule ile ina kifungua kinywa cha watoto wa wazazi wanaowahi kazini, lakini mlango wake hufunguliwa saa mbili kamili. Mtoto wa miaka mitano akae wapi hiyo saa moja kabla?

Mdogo wangu anakaa upande wa pili wa mji, mita chache kutoka shule niliyoiomba, na mwanawe anasoma pale. Siku za zamu zangu binti yangu hulala kwa mama yake mdogo, huamka huko, hunywa chai huko. Kilichobaki ni avuke barabara na kaka yake waende shule. Kwangu jambo lilikuwa wazi hata sikuona haja ya kulieleza kwa kirefu, na hapo ndipo nilipokosea mwanzo. Kwenye fomu, pale panapouliza sababu, niliandika mistari miwili tu: malezi na familia. Nafasi ilikuwa nusu ukurasa, nikaiacha tupu.

Nilimpigia mama Tanga. Mama alinisikiliza, kisha akasema, "Mwanangu, serikali ya watu ikishasema hapana, wewe shukuru, mpeleke huyo mtoto shule waliyokupa." Sikumlaumu. Kwetu Ngamiani sisi tuliandikishwa shule kwa kupitisha mkono juu ya kichwa na kushika sikio la upande wa pili. Likifikiwa umefika umri, na shule ni ile iliyo karibu. Hakuna aliyechagua, na hakuna aliyekataliwa kwa barua. Mama alinifundisha heshima mbele ya wakubwa, na heshima hiyo ndiyo iliyotaka kunifunga mdomo.

Aliyenifungua ni mama mmoja wa Lamu tunayeswali naye, ambaye amekaa nchi hii miaka mingi na alishapita njia hii kwa mtoto wake wa tatu. Nilimwendea na barua yangu ya rufaa, kurasa mbili nilizoandika usiku kwa uchungu. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba, akavaa miwani, akasoma mpaka mwisho. Akairudisha mezani. "Mwanangu, humu umewaomba. Hujawauliza."

Akanieleza jambo ambalo sikuwa nalijua, na ndilo lililonifanya niandike haya yote. Kwa Sheria ya Elimu ya Uskochi ya mwaka 1980, jibu la ombi kama langu linaanzia kwenye ndiyo. Halmashauri inawajibika kumpa mtoto nafasi, isipokuwa ithibitishe mojawapo ya sababu zilizotajwa kwenye sheria. Kuajiri mwalimu wa ziada ni mojawapo. Gharama kubwa ya kuongeza majengo ni nyingine. Ukifika mbele ya kamati ya rufaa, wao ndio wenye kazi ya kuthibitisha. Na hata wakithibitisha, kamati lazima ijiulize swali la pili: kwa hali zote za familia hii, je, inafaa kweli kumkatalia? Milango ni miwili, na halmashauri inapaswa kuipita yote.

Sikulala usiku ule, ila safari hii kwa sababu nyingine.

Niliandika upya. Barua ya rufaa ikawa fupi: nakata rufaa dhidi ya uamuzi wa tarehe fulani, sikubali kwamba sababu mliyotoa imethibitishwa, na hata kama ingethibitishwa, hali yetu ni hii. Siku hiyohiyo nikapeleka barua ya pili, ya kuomba takwimu kwa sheria ya uhuru wa habari: P1 ya Agosti itakuwa na madarasa mangapi, kila moja lina watoto wangapi, wangapi ni wa eneo la shule, wangapi wameingia kwa maombi kama langu, na nafasi ngapi zimehifadhiwa kwa ajili ya familia zitakazohamia eneo hilo. Kuhifadhi nafasi namna hiyo kunaruhusiwa, kwa hiyo usishangae ukiambiwa zipo. Uliza ni ngapi.

Hapa pana mtego, na naomba uushike. Ofisi ya umma ina siku 20 za kazi kujibu ombi la takwimu. Hizo ni wiki nne kamili, na siku 28 za rufaa nazo ni wiki nne, tena Mei ina Jumatatu ya sikukuu. Ukikaa unasubiri takwimu ndipo ukate rufaa, muda utakuwa umekupita. Kata rufaa kwanza. Takwimu zitakukuta njiani.

Jambo jingine alilonikazia yule mama: nisiiachie nafasi ya shule ya eneo letu mpaka nishinde. Kukata rufaa hakuifuti.

Takwimu zilikuja zimebaki siku tisa kabla ya kikao. Karatasi moja. Tangu kanuni za mwaka 2010, darasa la P1 Uskochi lisizidi watoto 25, na darasa la mchanganyiko, lenye P1 na P2 pamoja, nalo ni 25. Shule ile ilipanga darasa moja la P1 la watoto 25, na moja la mchanganyiko lenye P1 13 na P2 12. Jumla imejaa, na nafasi mbili zilizohifadhiwa zilikuwa ndani ya hesabu hiyo. Nilihesabu mara nne nikitafuta kosa. Hesabu ilikuwa sawasawa. Nikaiona rufaa yangu imekwisha.

Jumamosi nilikwenda kumchukua binti yangu kwa mdogo wangu. Kwenye mlango wa friji palikuwa na kadi ya karatasi ya manila, imekunjwa katikati, na mchoro wa meli yenye dirisha moja kubwa. Mtoto wa mdogo wangu, aliyekuwa P1 mwaka ule, akaniambia, "Mama mkubwa, hii nilimchorea rafiki yangu nikaikosea, nikamchorea nyingine." Rafiki yupi? Yule aliyehamia Ireland wakati wa Pasaka. Darasa zima lilimchorea kadi.

Nilikaa pale kwenye kiti cha jikoni nikaitazama ile meli. Watoto wa P1 mwaka ule ndio P2 wa Agosti. Kama mmoja aliondoka Pasaka, wale P2 12 waliopangwa kwenye darasa la mchanganyiko ni 12 kweli, au ni 12 wa kabla ya Pasaka?

Mtu angeniambia nipige simu shuleni niulize. Sikupiga. Habari za mtoto wa mwenzangu si zangu, na sikutaka mwalimu yeyote aingie matatani kwa kunijibu. Niliandika swali moja kwenye daftari, bila jina la mtoto, nikalizungushia duara.

Kikao kilifanyika Juni, katika chumba kidogo cha mikutano chenye jagi la maji na viyoyozi visivyofanya kazi. Ni bure, na ni faragha, hakuna umma. Kamati inaweza kuwa na watu watatu, watano au saba, yangu ilikuwa watatu. Unaruhusiwa kwenda na mtu wa kukusindikiza, nami nilikwenda na mama wa Lamu, aliyekaa kimya muda wote na tasbihi yake chini ya meza. Afisa wa halmashauri huanza. Kisha wewe unamuuliza maswali. Kisha unaeleza upande wako, naye anakuuliza. Mwisho kila mmoja anafunga hoja, na mzazi ndiye wa mwisho kusema. Nilishukuru kuujua mpangilio huo mapema, maana mtu asiyeujua hujikuta anaanza kulia wakati wa kuuliza maswali.

Afisa alikuwa kijana mpole. Alisoma takwimu zilezile. Ilipofika zamu yangu, mikono ilikuwa inatetemeka, nikaiweka juu ya daftari. Nikamuuliza: "Hesabu hii ni ya tarehe ngapi?" Akasema ni ya mwezi Machi. Nikamuuliza: "Wale P2 12 wa darasa la mchanganyiko, wote bado wameandikishwa shuleni leo?" Akafungua jalada lake. Akafunga, akafungua tena. Akamwomba mwenyekiti dakika chache apige simu.

Aliporudi alisema ukweli wake waziwazi, na kwa hilo namheshimu: ni 11. Mtoto mmoja alihama, na jedwali halikurekebishwa.

Mwenyekiti aliandika kitu. Kisha akaniuliza kuhusu familia yetu, na hapo niliweka mezani ratiba yangu ya zamu ya wiki sita, iliyotiwa sahihi na meneja wangu, nikiwa nimepaka kalamu ya njano siku za zamu ambazo mume wangu yuko baharini. Sikusema neno baya juu ya shule ya eneo letu. Nilisema ni shule nzuri ambayo siwezi kumfikisha mwanangu mlangoni pake. Mjumbe mmoja alishika ratiba, akahesabu zile siku za njano kwa ncha ya kalamu, midomo ikicheza bila sauti. Alifika kumi na moja.

Kama wangekataa, ningekuwa na siku 28 nyingine za kwenda mahakama ya sherifu, yaani mahakama ya eneo ambayo jaji wake huitwa sherifu, na uamuzi wa huko ni wa mwisho. Sijui kama ningeweza gharama zake. Haikufika huko. Uamuzi hutolewa kwa maandishi ndani ya siku 14; wangu ulikuja siku ya sita. Kamati haikuridhika kwamba mwalimu wa ziada angehitajika, na iliongeza kwamba hata angehitajika, kwa hali yetu haingefaa kumkatalia mtoto.

Nilimpigia mama Tanga. Alikaa kimya, nikadhani laini imekatika. Kisha akauliza, "Na ulizungumza nao kwa adabu?" Nikamwambia ndiyo, mama, kwa adabu. "Basi alhamdulillahi."

Mambo mawili ambayo barua ya ushindi haiyasemi. Ukichagua shule ya nje ya eneo lako, usafiri ni juu yako. Na kusoma shule hiyo ya msingi hakukupi nafasi ya moja kwa moja katika sekondari inayopokea watoto wake. Sekondari ya binti yangu bado ni ile ya anwani yetu, na nikitaka nyingine itanibidi niombe upya atakapofika P7, darasa la mwisho la msingi. Ile karatasi ya manila yenye meli nimeihifadhi pamoja na barua.

Wiki ileile nilimwandikia mwalimu mkuu wa shule ya eneo letu, nikamshukuru, nikamwarifu kwamba naiachia nafasi. Alijibu kesho yake asubuhi kwamba yuko mzazi aliyekuwa anaisubiri, na kwamba atampigia simu kabla ya saa sita.