Barua ya manispaa na ua la futi 8

Barua imebandikwa mlangoni: ondoa magugu ndani ya siku 10, la sivyo tunaleta watu wakate na bili ni yako. Magugu! Kwetu mahindi yanagonga dirisha la sebuleni na mwenyekiti wa mtaa anapita zake. Hapa jimbo la Minnesota, Marekani, kwenye miji mingi, nyasi zikipita inchi 8 tu umeshakuwa na kesi.

Hilo "gugu" ni silfiamu, mzaliwa wa mbuga za hukuhuku. Wenyewe wanaliita mmea wa kikombe. Shina lina pembe nne, na majani mawili yanayotazamana yameungana kulizunguka, yakafanya bakuli. Mvua ikinyesha maji yanatuama humo, chiriku wa njano wanakuja kunywa. Julai linachanua kama alizeti ndogo, nyuki na vipepeo wanagombania. Mbegu zikikomaa, chiriku haohao wanarudi kudonoa.

Mbegu ukizifukia Mei hazioti, mpaka zipigwe na baridi kwanza. Kwangua udongo Novemba, zifunike nusu sentimita, theluji imalizie. Umechelewa? Changanya na mchanga wenye unyevu, weka friji siku 60. Mchanga ukiufinya ushikamane bila kuchuruzika maji. Ukizidi kulowa, mbegu zinaoza. Mwaka wa kwanza mmea ni majani ya chini tu, usiung'oe. Maua ni mwaka wa pili au wa tatu.

Upe jua la kutwa na nafasi ya mita moja. Mbolea achana nayo: unarefuka, unalegea, upepo unaulaza. Mwanzoni mwa Juni ukate theluthi ya juu, utasimama. Vidukari wekundu wakijaa shinani, wapige kwa maji ya bomba. Dawa itaua nyuki uliowaalika mwenyewe. Miche iliyojiotea ing'oe ingali midogo, maana mzizi ukishazama koleo halifui dafu. Jimbo la Connecticut wameupiga marufuku kabisa kwa kusambaa.

Mnaojipanga kuja huku Marekani: kama umepanga nyumba, pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Mkataba ni wa mwaka, mzizi huo ni wa miaka.

Na msitishwe na barua. Tangu 2023 sheria ya jimbo inailazimu miji kuruhusu bustani ya mimea ya asili iliyopangwa na kutunzwa. Uwanja uliotelekezwa haumo. Kwa hiyo utunzaji uonekane: fyeka ukanda wa nusu mita kando ya njia, weka kibao. Jibu langu limekwenda na nakala ya sheria hiyo, na picha ya chiriku kainamia bakuli.